Kompyuta Si Inafanya Yenyewe?

Mama mkwe wangu na mimi tumejuana miaka 26 bila kupeana mkono hata siku moja. Si kwamba tumekosana. Huku kwetu Ukambani kuna heshima iitwayo nthoni, nayo inataka mwanamume na mama wa mkewe wasikaribiane ovyo. Nikimwona anashuka na njia ya kwenda sokoni Tawa, ghafla nakumbuka kuna kitu nimesahau nyumbani. Naye akinikuta kibandani nakunywa chai, hujitanda leso na kupita upesi kama aliyesikia nyuki. Lolote alilo nalo kwangu hupitia kwa binti yake. Ndiyo maana mke wangu akianza maneno kwa "Mama amesema", mimi huweka kikombe chini kwanza.

Safari hii Mama alikuwa amesema anataka katuni.

"Katuni?"

"Katuni ya muthokoi. Ya kutangaza biashara. Ameona ya mtu kwa simu ya jirani, nyanya zinaimba na kucheza. Anataka yake iwe nusu dakika, iwe tayari kabla ya Desemba watu wa Nairobi wakija nyumbani."

"Mwambie sijui kuchora."

"Nilimwambia. Akasema siku hizi hakuna kuchora. Kompyuta si inafanya yenyewe?"

Ningekuwa mtu mwingine ningekataa. Lakini mimi ni mkwe, na mkwe ni mdaiwa. Mbuzi watatu wa ntheo tulipeleka, tukapokewa, tukala, nikahesabika nimeoa. Yaliyobaki tulisema tutayazungumza. Tumekuwa tukiyazungumza tangu hapo. Mwanamume mwenye deni la mbuzi ukweni hana mdomo wa kusema hajui kuchora.

Ila nataka niseme hili, na ninalisema kama mwalimu mstaafu aliyefundisha Kiswahili hadi chaki ikaisha kifuani: maneno haya manne, "kompyuta si inafanya yenyewe", ndiyo yamenimaliza. Zamani mtu akitaka nimwandikie risala ya harambee au tanzia ya babu yake, alikuja na kuku. Kama hana kuku, alikuja na aibu ya kukosa kuku, nayo pia ni malipo. Siku hizi anakuja mikono mitupu, anasimama mlangoni: "Mwalimu, weka tu kwa hiyo kompyuta, ni dakika moja." Shemeji yangu ana mashine ya kuchomea vyuma pale sokoni. Sijasikia mtu akimwambia mashine si inachoma yenyewe. Mwenye kinu cha posho anabonyeza swichi moja tu, lakini ukipeleka gorogoro mbili za mahindi unalipa za gorogoro mbili. Ni mimi tu ambaye nikishika mashine, kazi yangu inakuwa bure.

Basi nikaanza.

Kijana wangu alikuwa amerudi kutoka chuoni. Akaniambia, "Dadi, hiyo ni rahisi, unaandika tu unachotaka, inachora." Programu yenyewe sitaitaja, nisije nikaitwa mahali. Ilitaka dola 15 kwa mwezi. Kijana akanifungulia kadi ya mtandaoni kwa M-Pesa, dola kwa shilingi kama 129, zikaondoka 1,935 na sijaona hata mchoro wa kidole. Kwa pesa hizo ningenunua kuku wa kienyeji, na pengine nibaki na ya chumvi.

Sasa, wengine huiita akili unde, wengine akili mnemba, wengine akili bandia. Kwa kuwa wataalamu hawajakubaliana jina, mtoto huyu angali hajabatizwa, na mtoto asiyebatizwa nilimwendea kwa upole. Nikamwandikia kwa Kiswahili sanifu, kama insha ya mtihani: "Katika soko la Tawa, chini ya vilima vya Mbooni, mama mmoja mwenye haiba anauza muthokoi mweupe pepepe. Kando yake pana gunia la ndengu. Yu mchangamfu."

Nikabonyeza. Tukangoja, mimi na kijana na mke wangu, kama watu wanaongoja matokeo ya KCPE ya enzi zile.

Kwanza likatokea tawa. Sio Tawa yetu yenye mahakama na hospitali. Tawa la chuma, lile bapa la Wahindi la kukaangia chapati, kubwa kama uwanja, na watu wanafanyia biashara juu yake, moto unawaka chini. Nyuma, pale nilipotaka vilima vya Mbooni, alikuwa amesimama mbuni. Ndege mbuni. Shingo imekatiza jua. Ndani ya gunia la ndengu mlikuwa na ndege wadogo wa kijani, wamejipanga vizuri, wanatazama. Na mama mwenye haiba alikuwa ameshika bakuli lililojaa meno.

Meno kabisa. Magego na ya mbele.

Nyumba ilinyamaza. Kisha mke wangu akasema, "Mama ameuliza kama imekwisha. Nimwambie nini?"

Kwa asiyejua, muthokoi si meno. Ni mahindi makavu yaliyotolewa ganda. Mama huyarashia maji kidogo kinuni, anatwanga kwa mchi, sio kwa hasira, kwa mwendo wa kuyasugua, hadi ganda libanduke na kiini kibaki kizima. Halafu anapepeta kwa uteo, anaanika, ndipo yauzwe. Ukiyapika na maharagwe, mbaazi au ndengu, unapata chakula ambacho Mkamba akikipata Nairobi anapiga simu nyumbani bila sababu. Siku hizi zipo mashine za kukoboa, ila Mama hazitaki, anasema zinakata punje. Punje yake ni nzima, nyeupe, imebonyea kidogo katikati. Na nikisema kweli, ukiikazia macho sana inafanana na jino. Mashine haikutukana. Ilikisia.

Kijana alinieleza inavyofanya kazi, nami nawaeleza nyinyi ili nisiumie peke yangu. Mashine hiyo haina picha zilizowekwa kabatini ikakuchagulia moja. Ilionyeshwa picha na video nyingi ajabu za mtandaoni pamoja na maelezo yake, ikajifunza neno hili huendana na sura hii. Ukiiomba kitu, huanza na chenga tupu, zile za runinga ya zamani isiyoshika mawimbi, kisha huziondoa kidogo kidogo, kila hatua ikijiuliza: hapa pangekuwa na nini? Kama ilishaona kitu hicho mara nyingi, chenga zinatakata na kitu kinatokea. Kama haijakiona, haisemi "sijui". Inaweka kinachokaribia. Nimefundisha wanafunzi wa namna hiyo miaka mingi, wale wa kujaza karatasi yote ilimradi isibaki nyeupe.

Kaunti yetu ya Makueni tulihesabiwa watu 987,653 mwaka 2019. Wakamba wote nchini tulipita milioni nne na nusu. Lakini nani kati yetu aliwahi kupiga picha ya muthokoi akaandika chini yake "huu ni muthokoi"? Sisi tukiuona tunaula.

"Dadi, jaribu Kiingereza," kijana akasema.

Nilitoka nje kwanza. Nikatazama ng'ombe. Mtu aliyewachapa watoto wa watu kwa kuchanganya ngeli, leo anaambiwa Kiswahili chake kimeshindwa kununua muthokoi. Nikarudi, nikaandika kwa Kiingereza kwamba nataka mwanamke wa Kiafrika, kijijini, kwenye vilima vyenye matuta.

Hapo nikaletewa Afrika. Yote. Twiga wawili nyuma ya kibanda, mti wa mgunga, jua jekundu la ukubwa wa sinia, ngoma zinalia. Mama akavishwa kilemba kirefu cha Kinaijeria na shanga za Kimasai shingoni. Tangu nizaliwe sijakutana na twiga Tawa, na angekuja angepelekwa mahakamani kwa kula maembe ya watu. Matuta nayo yakawa mashamba ya mpunga ya Asia, yamejaa maji, na wazee wenye kofia za pembe tatu wanapanda miche. Maji mengi hivyo Makueni! Niliona mke wangu akiyatazama kwa tamaa.

Na matuta ndiyo yaliniuma zaidi, kwa sababu ni fahari yetu. Yale matuta ya kuchimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu huitwa fanya juu, na wataalamu wa udongo wa nchi za nje huandika hivyo hivyo kwa Kiswahili katika vitabu vyao vya Kiingereza. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kizima kuonyesha jinsi watu wa Machakos, sisi wa Makueni tukiwemo kabla ya kugawanywa mwaka 1992, walivyoongezeka na bado wakaiponya ardhi iliyokuwa ikisombwa. Nikasema basi hili litajulikana, limeandikwa kwa Kizungu. Nikaiandikia mashine: "Nyuma yake, fanya juu."

Mama akainua mikono juu, kama anayeibiwa benki.

Tukaendelea. Kila kipande kilikuwa sekunde 8, kwa hiyo nusu dakika ilitaka vipande vinne. Kipande cha kwanza alikuja mama mnene wa leso ya kijani. Cha pili, leso ile ile, mama amekonda, kana kwamba ameugua kati ya sekunde ya 8 na ya 9. Cha tatu alikuwa kijana zaidi kuliko mke wangu. Cha nne alikuwa na vidole sita, akihesabia chenji. Bango juu ya kibanda, nililoomba liandikwe SOKO LA TAWA, liliandikwa SKOO LA TWAAA, kisha SOOK AL TAWWA kama tuko Muscat, kisha herufi ambazo hazijawahi kutumiwa na binadamu.

Nikapeleka vipande hivyo ukweni kwa njia ya kawaida, yaani kwa mke wangu. Jibu likarudi jioni.

"Mama amesema, huyo wa kwanza ni sawa. Lakini hao wengine watatu ni akina nani, na wanafanya nini kwa kibanda chake?"

Basi nikajifunza, na hiki ni kitu cha bure mwenye kutaka akichukue: usiiachie mashine ibuni sura kila mara, kwa sababu kila kipande inaanza upya na chenga zake na haikumbuki ilichora nani jana. Unatengeneza kwanza picha moja iliyotulia, ukiridhika nayo, hiyo hiyo unaipa iwe mwanzo wa kila kipande. Kitu kisichojulikana, kama muthokoi, unakipiga picha mwenyewe na kuiingiza. Maandishi ya bango unayaandika mwenyewe mwisho, kwenye programu ya kuunganisha video. Na usiiagize mambo manne kwa mpigo. Mtu mmoja, tendo moja, sekunde chache.

Hilo la picha ndilo lililonipeleka mahali pabaya. Ili katuni ifanane na Mama, ilinibidi niwe na picha ya Mama. Mke wangu akaniletea moja ya arusi ya kanisani. Sasa nifikirieni: mimi ambaye kwa miaka 26 nilikuwa nikimwona mama mkwe naruka ua, nimeketi saa sita za usiku nimemkuza akajaa skrini nzima, namrekebisha nyusi. Niliwahi kuifunika kompyuta kwa taulo nikaenda kunywa maji.

Bando nalo likawa linakwisha katikati ya kipande. Inasimuliwa kwamba Syokimau, nabii wetu wa kike, aliona kabla ya wakati wake nyoka mrefu akipita nchini, ndiyo reli, na watu wakibeba moto mfukoni, ndio viberiti. Nabii mkubwa. Lakini bando hakuliona, ama aliliona akatuhurumia akanyamaza. Na siku bando lilipokuwepo, stima ikapotea, ikarudi saa nane usiku, ikaamsha redio na jogoo na mimi.

Wiki ya pili Mama akauliza, kwa njia ya kawaida, mbona kazi ya dakika moja imechukua siku kumi na moja.

Nikajitetea kwa elimu. Nikamtuma mke wangu na ujumbe mrefu. Kwamba sekunde moja ya video inahitaji picha kama 24, kwa hiyo nusu dakika ni picha 720. Kwamba Disney alipotoa Snow White mwaka 1937, jeshi zima la wachoraji lilichora kwa mkono, picha moja baada ya nyingine. Kwamba hapa hapa Nairobi vijana wetu wa Homeboyz walitengeneza Tinga Tinga Tales, iliyotoka 2010 na kutazamwa na watoto hadi Uingereza. Kwamba Ng'endo Mukii, Mkenya mwenzetu, alitengeneza Enkai katika mkusanyiko wa Kizazi Moto uliotoka 2023, na hao wote ni watu waliosomea kazi hiyo, wakakesha, wakalipwa. Mke wangu alikariri yote, akaenda, akarudi.

"Mama amesema, kwani hao hawakuwa na kompyuta?"

"Walikuwa nazo."

"Basi."

Siku ya kumi na mbili ndipo kisa chenyewe. Nilikuwa nataka kipande cha Mama akimkaribisha mteja. Mteja sikuwa naye. Nikasema nitie picha yangu kwa muda, nione inavyokaa, kisha nitaitoa. Nikaandika: "Mama anamkaribisha mteja kwa furaha kubwa." Kijana akasema ngoja, usitume hicho. Nikamwambia sitaki kutuma, nataka kutazama. Kidole kikaamua vingine. Kipande kikaenda moja kwa moja kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wa mke wangu, lenye watu 63, wawili wakiwa maaskofu.

Katika kipande hicho mama mkwe wangu alitoka nyuma ya meza, akafungua mikono, akanikumbatia. Akaninyanyua kidogo kutoka chini. Nami nilikuwa natabasamu, meno yote nje, na hayo meno, nadhani mashine ilifurahi hatimaye kupata pa kuyaweka.

Nikafuta. Lakini mwenye kufuta kitu kwenye kundi la ukoo ni kama mwenye kufagia baada ya wageni kuona. Kufikia saa tatu asubuhi baba mdogo wa mke wangu alikuwa amefika na fimbo yake, akaketi, akakataa chai. Kukataa chai ni hati ya mashtaka.

"Mwalimu, tumeona."

"Ilikuwa katuni, mzee."

"Uso wa katuni ulikuwa wa nani?"

"Wangu."

"Na wa yule mwingine?"

Nikatazama chini. Nikajaribu kueleza kwamba mimi niliandika "kumkaribisha" tu, na kwamba katika nchi ambazo mashine ililelewa kukaribishana ni kukumbatiana. Akasikiliza hadi mwisho. Akasema mashine hawezi kuitoza mbuzi kwa sababu haina boma. Wenye boma anawajua.

Nikatozwa mbuzi mmoja. Nikimjumlisha na wale wa zamani, mimi ni mtu ninayedaiwa zaidi leo kuliko siku niliyooa.

Usiku huo nilikumbuka habari moja nikacheka peke yangu. Januari 2023 jarida la Time liliripoti kwamba vijana wa Nairobi, kwa kazi iliyotoka kwa kampuni ya OpenAI ya Marekani, walikuwa wakisoma maandishi machafu siku nzima na kuyawekea alama ili mashine ya kuzungumza ijifunze kuyaepuka, na kwamba walilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Yaani mashine ile ilifundishwa adabu Nairobi, kwa jasho la watoto wetu, na kuna watu mahali wanaosema ilijifunza yenyewe. Na adabu yote hiyo haikupanda matatu kuja huku kujifunza nthoni. Kati ya watu walioketi pale wakisoma uchafu, sidhani hakukuwa na Mkamba. Hakuna aliyemuuliza.

Ikabaki sauti. Nilitumia sauti ya mashine, ya kike, tamu kama ya redio. Ikasema: "Mutokoyi bora kutoka Mbuni. Karibuni wote." Muthokoi umegeuka jina la Mjapani na ndege mbuni amerudi. Hilo la "karibuni wote" nililipitisha nikiwa nimechoka, na aibu ni yangu, kwa sababu mwalimu wa Kiswahili anajua ni "karibuni nyote". Mke wangu akawachezea majirani wachache wasikie. Kesho yake wateja wawili wa Mama walipiga simu kuuliza ni lini amehamisha kibanda, kwa sababu wamesikia yuko mjini Wote, na nauli ya kwenda Wote ni pesa.

Hapo nikakata shauri. Asiyejua kutamka jina la chakula asitangaze chakula. Nikasema Mama aseme mwenyewe.

Tulipanga hivi: yeye akae jikoni kwake nyuma ya ukuta, mke wangu ashike simu, mimi niwe nje chini ya mwembe na mgongo nimeupa nyumba. Akasema mara kumi na moja. Mara ya tatu jogoo aliwika juu ya neno "muthokoi". Mara ya sita alisahau akaanza kusalimia. Mara ya tisa alikasirika na simu. Ya kumi na moja ilikuwa safi, na ilikuwa na kitu ambacho sikuweza kukiandikia mashine kwa lugha yoyote: anapofika kwenye neno "mweupe" sauti inapanda kidogo, halafu anatulia, kama mtu anayeweka uteo chini ili uone.

Usiku nikaunganisha. Ukihesabu vizuri, ile nusu dakika iliyobaki ina sekunde 8 za mashine: Mama wa katuni, mwenye vidole vitano, anamimina muthokoi kutoka uteoni, punje zinaanguka polepole. Zilizosalia ni picha halisi nilizopiga kwa simu: kinu, mchi, matuta ya fanya juu nyuma ya nyumba, gunia la ndengu lisilo na ndege. Bango nimeliandika mwenyewe kwa herufi kubwa. Na sauti ni ya Mama.

Ilitumwa kwenye kundi Jumapili baada ya kanisa. Kufikia jioni kulikuwa na oda za Nairobi, na moja ya mtu wa Mombasa aliyetaka kujua kama muthokoi unaweza kuja kwa basi. Watu wakaja nyumbani kunipongeza. Kila mmoja alitazama mara mbili, akatikisa kichwa, akasema: "Lo, kompyuta imeendelea! Hii imefanya yenyewe?" Mchungaji anataka yake ya harambee ya paa. Mwenye bucha anataka ng'ombe anayetembea mwenyewe hadi bucha akiimba. Nimewauliza wote kama wana kuku.

Sasa, kuna jambo ambalo sijamwambia mtu, nanyi mtanihifadhia.

Wakati wa kukata sauti nilicheza rekodi ya kumi na moja hadi mwisho kabisa. Mke wangu hakuwa ameizima. Mama anamaliza, anavuta pumzi, anauliza, "Imeisha?" Kinasikika kiti. Kuku wanapita. Halafu anamwambia binti yake kwa sauti ya chini, sauti ambayo kwa miaka 26 haijawahi kunifikia bila kupitia kwa mtu: "Huyu mwalimu ameteseka. Nimemwona akienda pale chini ya mwembe, macho mekundu. Kazi ni nzuri. Hata zile nyanya za jirani hazifikii."

Nilisimamisha hapo. Nikapangusa miwani. Nikaendelea.

"Lakini usimwambie," anasema Mama. "Ukimshukuru sana atadhani mbuzi wamekwisha."

Nimeihifadhi. Siwezi kumchezea mke wangu, kwa sababu atajua nilisikiliza maneno ya mama mkwe ambayo sikuambiwa. Hiyo nayo ni nthoni, na baba mdogo hajaondoka. Bado yuko hapo nje, safari hii anakunywa chai.